Mazoezi mepesi ukiwa na saratani: mwongozo kwa wagonjwa na wanaowauguza Moshi na vitongoji vyake

Mtu akirudi nyumbani kutoka kwenye dripu ya dawa za saratani, jambo la kwanza ni kunyang'anywa ufagio. Mabinti wanapika, shemeji anachota maji, na mgonjwa anaambiwa akae, asiguse kitu. Ni upendo, na siku ya kwanza na ya pili una maana. Ukiendelea wiki tatu unakuwa hasara. Msuli usiotumika huanza kupungua ndani ya siku chache, mapaja yakiwa mbele, na mtu aliyeingia hospitali kwa miguu yake anajikuta hawezi kunyanyuka kwenye sofa bila kushikwa mkono.

Uchovu wa saratani si kama uchovu wa kutoka shambani. Unalala kwa muda wa saa kumi, unaamka umechoka vilevile. Kati ya yote yaliyojaribiwa kuupunguza, kutembeza mwili kidogokidogo ni miongoni mwa yenye ushahidi mzito. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2019 na wataalamu walioitishwa na Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo unataja dakika 30 za mwendo wa wastani mara tatu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Hapo ni mahali pa kufika baada ya wiki 8 hadi 12. Wanaoanzia hapo siku ya kwanza ndio wale wanaolala siku mbili kisha wanasema mazoezi hayawafai.

Kanuni ya kesho asubuhi

Jitihada yako ya leo hupimwa kesho asubuhi, si jioni ya leo. Ukiamka kama kawaida yako, kiasi kilikuwa sawa, rudia. Ukiamka mwepesi siku mbili mfululizo, ongeza dakika moja au mbili. Ukiamka mzito kuliko jana, punguza nusu, wala usiache kabisa. Ukiona haya kwa udogo wa kiasi ulichoanza nacho, basi umeanza vizuri.

Wakati wa mazoezi yenyewe tumia maneno kama kipimo. Unapotembea uweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, lakini usiweze kuimba ubeti wa wimbo wa kwaya mpaka mwisho. Ukiweza kuimba wote, ongeza mwendo kidogo. Ukiishia kusema neno mojamoja, simama.

Soma karatasi ya damu kabla ya kuvaa viatu

Kabla ya kila dozi ya tibakemikali hospitali hupima damu, kipimo ambacho wengi wanakijua kwa jina la FBP. Omba nakala, itunze. Namba tatu ndizo zinazoamua leo ufanye nini.

Ya kwanza ni HB, wingi wa damu. Ikiwa chini ya 8, achana na mazoezi, fanya ya kupumua na ya viungo ukiwa umekaa, na daktari ajue. Kati ya 8 na 10, tembea kwa vipande vya dakika tano na upumzike katikati. Juisi ya rozela na bitiruti ni nzuri kwa kunywa, ila hazirudishi damu iliyoshushwa na dawa kwa haraka unayoitaka.

Ya pili ni chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Karatasi nyingi huandika 50 kumaanisha 50,000, usishtuke. Zikiwa juu ya 50, mazoezi mepesi ya nguvu yanaruhusiwa. Kati ya 20 na 50, tembea taratibu na nyoosha viungo bila uzito wowote. Chini ya 20, nenda chooni na urudi, basi, maana hata kujigonga kidogo kunaweza kuvujisha damu ndani.

Ya tatu ni chembe nyeupe, hasa zile zinazoitwa nyutrofili. Zikishuka unaweza kuendelea kutembea uani, lakini Soko la Mbuyuni, stendi, daladala iliyojaa na ukumbi wa msibani vinasubiri. Kwa dawa nyingi zinazotolewa kila baada ya siku 21, chembe hizi huwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Wiki hiyo nunua kipimajoto kama huna. Joto likifika 38, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usimeze panado ukalala kungoja kupambazuke: panado itashusha joto, maambukizi yatabaki yanatafuna.

Mambo yanayosimamisha kila kitu

Usianze, au acha papo hapo, ukiona kifua kinauma, moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa, kizunguzungu, kutapika mfululizo au kuharisha kusikokatika. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa: usiukande, usiusinge kwa mafuta, wala usiuweke kwenye maji ya moto, kwa sababu bonge likikatika linakimbilia kwenye mapafu. Nenda hospitali. Na maumivu mapya ya mgongo yanayoandamana na miguu kulegea, ganzi kwenye makalio, au mkojo kugoma kutoka, ni dharura ya siku hiyohiyo. Uti wa mgongo ukibanwa kwa muda mrefu, miguu haitarudi.

Kutembea: anza kwa kupanda

Mji wa Moshi umelala kwenye mteremko, kaskazini mlimani, kusini kuelekea mashamba ya miwa ya TPC. Kosa la kwanza la watembeaji wapya ni kuondoka nyumbani wakifuata mteremko kwa sababu ni rahisi, kisha wanajikuta mbali, wamechoka, na kilima chote kiko mbele yao. Toka ukipanda. Nguvu ikiisha, njia ya nyumbani inakushusha yenyewe.

Wiki ya kwanza na ya pili: dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, siku tano kwa wiki. Tazama saa, usikadirie. Dakika mbili na nusu za kwenda, geuka, hata kama unajisikia kuendelea. Wiki ya tatu na ya nne fika dakika nane hadi kumi mara mbili. Baada ya hapo unganisha matembezi mawili yawe moja la dakika kumi na tano, halafu uongeze taratibu mpaka thelathini. Barabara za Shanty Town zinafaa kwa kivuli cha miti. Penye bodaboda nyingi na hakuna njia ya miguu, bora kuzunguka uwanja wa kanisa au wa shule.

Walioko Uru, Kibosho, Old Moshi au Marangu hawana tambarare, lakini wana mifongo, ile mifereji ya jadi ya maji. Wazee waliichimba ili maji yateremke polepole yakifuata ubavu wa mlima, kwa hiyo njia inayoambatana na mfongo mara nyingi ndiyo iliyo sawa kuliko zote kijijini. Wakati wa masika udongo wake unateleza kama sabuni, hapo tembea ndani au barazani.

Januari na Februari toka kabla ya saa mbili asubuhi. Juni hadi Agosti, asubuhi zenye ukungu, subiri saa nne, hasa kama unapewa oksaliplatini, dawa inayofanya vidole na koo kuchoma kama sindano vikiguswa na ubaridi. Vaa glavu, funika mdomo kwa mtandio. Ngozi iliyopigwa mionzi ivae pamba pana na isikae juani.

Viatu ni raba zilizofungwa, si ndala. Paklitaxeli, sisplatini na vinkristini huleta ganzi miguuni, na mguu wenye ganzi hauna habari kwamba ndala imechomoka. Jioni kagua nyayo kwa kioo au mwombe mtu akukague: kuna waliotembea siku nzima na kokoto kiatuni bila kujua.

Kiti, ukuta na chupa mbili

Mazoezi ya nguvu hayahitaji jimu. Unahitaji kiti imara, ukuta, chupa mbili za maji za nusu lita (nusu kilo kila moja) na khanga. Mara mbili kwa wiki, siku zisifuatane: Jumanne na Ijumaa, kwa mfano.

Kukaa na kusimama ndilo zoezi mama. Likiwezekana hilo, choo, kitanda na kupanda gari vinawezekana.

1. Egemeza kiti ukutani. Cha plastiki kwenye vigae huteleza na miguu yake hutanuka, kwa hiyo tumia cha mbao. Kimo kiwe karibu sentimita 45. Sofa ni chini mno.
2. Sogea mbele ya kiti, vuta nyayo nyuma kidogo ya magoti, upana wa mabega.
3. Inama mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu. Wengi hukosea hapa: wanajaribu kunyanyuka wakiwa wima, kisha wanaona mapaja ni dhaifu kumbe ni uzito ulioachwa nyuma.
4. Toa pumzi huku ukisimama. Usibane pumzi, kwa maana kubana hupandisha presha na kusukuma mshono wa tumbo.
5. Shuka ukihesabu hadi tatu. Kujidondosha ni nusu ya zoezi kupotea, na kwa mwenye mifupa dhaifu ni hatari.

Anza na mara 5. Ukifika mara 8 bila kushika chochote, pumzika dakika mbili, rudia seti ya pili. Lengo ni seti mbili za mara 8 hadi 15. Ukitaka kujua unaendelea au unarudi nyuma, kila Jumapili hesabu umesimama mara ngapi ndani ya sekunde 30 huku mikono umeikunja kifuani. Andika kwenye daftari.

Kusukuma ukuta: simama umbali wa mkono, viganja usawa wa kifua, kunja viwiko taratibu, sukuma. Mara 8. Kisha kunyanyua visigino, umeshika karo la jikoni: juu, hesabu mbili, chini. Kwa mikono, kunja viwiko ukiwa na chupa, mara 8 hadi 10. Kwa mgongo, kaa umenyoosha miguu, pitisha khanga kwenye nyayo, shika ncha mbili na uvute viwiko nyuma kama anayepiga makasia. Chupa ziongezwe maji au ukubwa pale tu seti mbili za 15 zinapokwenda bila kishindo. Mwenye ganzi aongeze kusimama kisigino mbele ya vidole, sekunde kumi kila upande, mkono mmoja ukiwa karibu na karo.

Baada ya upasuaji wa tumbo, na hasa mwenye mfuko wa choo, usinyanyue zaidi ya kilo 4 au 5 kwa wiki 6 hadi 8, na uanze tena kwa ruhusa ya daktari wa upasuaji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mkungu wa ndizi unaweza kupita hapo.

Mkono uliofanyiwa upasuaji wa titi na kwapa

Hapa hofu imeharibu mabega mengi kuliko kisu. Mwanamke anaambiwa asitumie mkono, miezi mitatu inapita, bega linaganda, na hawezi kufunga kilemba. Tangu siku ya kwanza baada ya upasuaji fumba na kufumbua ngumi mara 15 hadi 20, mara tatu kwa siku, na kunja kiwiko. Mrija wa kutoa majimaji ukiwa bado upo, mkono usipite kimo cha bega. Ukishatolewa, na daktari akiridhika na mshono, panda ukuta kwa vidole: simama ukiukabili, tembeza vidole juu kama buibui, ishia panapovuta bila kuchana, hesabu tano, shuka. Weka alama ya chaki. Kesho jaribu kufika palepale, si lazima kupita. Kamba ngumu zikionekana chini ya ngozi kuanzia kwapani kuelekea kiwiko, usiogope. Hudhaniwa kuwa ni mishipa ya limfu iliyoumia, na hunyooka kwa kunyooshwa taratibu.

Uvimbe wa mkono hupimwa kwa futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko sentimita 10 juu ya kiwiko na sentimita 10 chini yake, mikono yote miwili, mara moja kwa mwezi, saa ileile. Tofauti ikifika sentimita 2, au pete na bangili zikianza kubana, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia mapema. Hospitali ya KCMC ina idara hiyo na hufundisha wataalamu wake hapohapo. Kukanda mkono kwa maji ya moto kunaongeza uvimbe. Na ile imani kwamba mkono huo usinyanyue kitu maisha yote imepitwa na wakati: uzito ukianza mdogo na kuongezwa polepole chini ya uangalizi, mkono hauzidi kuvimba.

Saratani ikiwa kwenye mifupa

Bado unatembea, lakini mwili haukunjwi kwa nguvu wala kusokotwa. Hapana kuinama kufagia kwa ufagio mfupi, hapana kupalilia, hapana kubeba majani ya ng'ombe kichwani. Bodaboda kwenye barabara ya vumbi ni mtikisiko unaoweza kuvunja mfupa uliokwisha kulika. Gari dogo ni gharama, ila si kubwa kuliko ya plasta. Muulize daktari ni mfupa upi, ili zoezi liuzunguke. Mwenye kuswali, rukuu na sujudi zikimuumiza, dini imemruhusu kuswali akiwa amekaa. Asione kama amepunguza.

Mzunguko wa siku 21

Siku ya dripu usifanye zaidi ya kutembea kwenda na kurudi, na mkono uliochomwa upumzike. Siku ya 2 hadi ya 5 ndizo nzito kwa wengi: robo ya kiasi chako cha kawaida inatosha, hata kama ni kutoka kitandani hadi kwenye mparachichi na kurudi. Siku ya 7 hadi 14 mwili unaweza kuhisi unafuu huku kinga iko chini, na unafuu huo ndio unaowapeleka watu sokoni. Tembea, ila peke yako au na mtu mmoja asiye na mafua. Siku ya 15 hadi 21 ndizo za kuongeza. Ukijua hilo hutajilaumu kila mzunguko unapoanza upya na dakika zimerudi chini.

Pumzi, usingizi na chakula

Kichefuchefu, wasiwasi kabla ya majibu, pumzi kukatika kwenye ngazi: vyote huweza kutulia kwa pumzi ya kupuliza chai. Vuta kwa pua ukihesabu mbili, toa kwa midomo iliyobinywa ukihesabu nne, dakika tatu. Kuimba kwaya ni zoezi lilelile limevaa joho, kwa hiyo mwenye nguvu za kukaa kwenye mazoezi ya kwaya aende, isipokuwa kinga ikiwa chini. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa wala kupita saa tisa.

Msuli hujengwa na protini. Lengo ni gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtu wa kilo 60 apate 60 hadi 90 kwa siku, isipokuwa figo zikiwa na tatizo. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8. Mtori ni chakula kizuri sana, hasa kwa mwenye saratani ya umio, lakini nyama isagwe ndani yake. Mtori wa ndizi na mchuzi wa mifupa pekee una harufu ya nyama na protini kidogo. Kunywa maziwa yaliyochemshwa, na mtindi wa kienyeji uache wakati chembe nyeupe ziko chini. Sukari haikatazwi kwa mtu anayekonda. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ingoje.

Tangawizi kwenye chai husaidia wengine kichefuchefu. Mlonge, mwarobaini, majani ya mpapai, vidonge vya kitunguu saumu na vya manjano ni suala lingine: baadhi hugombana na dawa kwenye ini, baadhi huongeza kuvuja damu. Viweke mezani mbele ya daktari, chupa yenyewe, bila aibu. Hamu ya kikombe kimoja kinachomaliza yote tunaijua vizuri huku Kaskazini tangu foleni za kikombe cha Babu huko Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Tiba za nyongeza zitembee pamoja na matibabu, zisikae kwenye kiti chake.

Kwa aliye kitandani

Mgonjwa aliye kwenye tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa, naye ana zoezi. Apewe mofini yake kwanza, kisha baada ya nusu saa hadi saa moja, maumivu yakiwa yametulia, mgeuze ubavu, shusha miguu, msaidie kukaa ukingoni mwa kitanda. Usimvute mikono wala kwapa: weka mkono wako nyuma ya mabega, mwingine nyuma ya magoti, mzungushe. Miguu iguse sakafu au stuli. Akae dakika tano, mara tatu kwa siku, akipandisha na kushusha vidole vya miguu mara kumi. Muulize kabla: "Mama, tukae kidogo?" Akikataa, rudi baada ya chai.